Kabla Hujamjibu Jaji Ndiyo: Kukiri Kosa katika Kesi za Dawa za Kulevya kwenye Mahakama za Shirikisho za Marekani

Wazee wetu, mama zetu, wachungaji na masheikh mliofika, na vijana wangu mliojibanza kule mlangoni, hamjambo? Asanteni kwa kunialika. Kazi yangu ni ukalimani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanyia mahakamani. Mimi si wakili. Nitakayosema ni elimu ya jumla. Mwenye kesi akae na wakili wake. Tena sitasimulia kesi ya mtu yeyote niliyemtafsiria. Kiapo changu kinanikataza, na hapa Louisville, Kentucky, sote tunajuana. Mifano yangu ni ya kesi zilizo wazi katika kumbukumbu za mahakama.

Kilichonileta ni hiki: watu wetu wanakiri makosa mazito kwa sababu ya adabu. Tumelelewa hivyo, uwe umetoka Uvira, Bujumbura, Kigoma au Mombasa. Mkubwa akiuliza, unaitika. Akikueleza jambo, hata kama hukulishika, humwambii arudie mara tatu. Unasema ndiyo mzee, kisha ukitoka nje unamuuliza mwenzako hivi alikuwa anasema nini. Sasa mchukue mtu huyo, mvishe nguo za mahabusu, msimamishe mbele ya jaji wa shirikisho, yaani wa mahakama ya serikali kuu, si ya jimbo. Jaji anauliza, umeelewa? Ndiyo, mheshimiwa. Umeridhika na wakili wako? Ndiyo, mheshimiwa. Kuna mtu aliyekulazimisha? Hapana, mheshimiwa. Kikao kikiisha, mtu huyo hana tena haki ya kesi yake kusikilizwa na juri, wale raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, na mara nyingi ameachia hata haki ya kukata rufaa.

Kikao hicho ndicho kesi yenyewe. Katika mwaka wa fedha 2022, mahakama za shirikisho zilimaliza mashauri ya washtakiwa karibu 72,000. Takriban asilimia 90 walikiri kosa. Waliofika mbele ya juri, au mbele ya jaji kwa usikilizwaji kamili, walikuwa zaidi kidogo ya asilimia 2, na walioachiwa huru baada ya usikilizwaji kama huo hawakufika hata 300 nchi nzima. Mwaka 2012 Jaji Anthony Kennedy wa Mahakama ya Juu aliandika kwamba asilimia 97 ya waliotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho walikiri wenyewe. Kwa hiyo zile kesi za kwenye televisheni, wakili amesimama anamhoji shahidi na juri inakodoa macho, zisahauni. Mtoto wako akikamatwa, kesi yake itaamuliwa kwa karatasi na mazungumzo ya ofisini, halafu itafungwa kwa kikao kimoja cha maswali na majibu.

Kwa nini karibu wote wanakiri? Wengine kwa sababu kweli wamefanya, na ushahidi umejaa. Lakini katika kesi za dawa za kulevya kuna sababu nyingine, na inaanzia kwenye mizani.

Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofunga miaka ya jela na uzito wa dawa. Gramu 100 za heroini, kiwango cha chini ni miaka 5. Kilo 1, miaka 10. Kokeni ya unga ni gramu 500 kwa miaka 5, kilo 5 kwa miaka 10. Mchanganyiko wenye fentanili, dawa ya maabara kali kuliko heroini, ni gramu 40 tu kwa miaka 5, na gramu 400 kwa miaka 10. Hivyo ni viwango vya chini. Cha juu katika ngazi ya miaka 10 ni maisha. Na wanapima mchanganyiko wote. Kama fentanili ni punje na iliyobaki ni unga wa kuzidishia, mizani inahesabu vyote. Jaji hata akimwonea huruma kijana aliyesimama mbele yake, akaona ni mara yake ya kwanza, akaona ana watoto wadogo, hawezi kushuka chini ya miaka hiyo isipokuwa sheria yenyewe impe ruhusa.

Hapo ongeza kosa la kula njama. Kwenye sheria ya shirikisho, aliyekubaliana na wenzake kusambaza dawa hubeba adhabu ileile ya msambazaji, hata kama mkononi hakukutwa na kitu. Dereva aliyelipwa dola mia tatu kupeleka gari Cincinnati, shemeji aliyekubali vifurushi vifike kwenye anwani yake, mwanamke aliyepokea simu na kumwambia mtu subiri anakuja: hao wote wanaweza kuandikwa kwenye hati moja ya mashtaka na mwenye mzigo. Vijana, sikilizeni hapa hata kama mengine yatawapita. Kesi hizi hujaa watu wa pembeni. Mwenye biashara ana habari za kumuuzia mwendesha mashtaka. Wa pembeni hana la kuuza.

Maana habari zina bei. Ziko njia mbili kubwa za kushuka chini ya kile kiwango cha lazima. Ya kwanza ni kuisaidia serikali kuwakamata au kuwatia hatiani wengine. Ukisaidia vya kutosha, mwendesha mashtaka anapeleka ombi kwa jaji, na jaji anaruhusiwa kushuka. Lakini ombi hilo ni la mwendesha mashtaka peke yake. Wewe na wakili wako hamwezi kulipeleka. Ya pili iliwekwa mwaka 1994 na kupanuliwa 2018, kwa ajili ya watu wenye rekodi nyepesi ya makosa. Usiwe umetumia vurugu wala silaha, pasiwe na aliyekufa au kuumia vibaya, usiwe kiongozi wa genge, na kabla ya siku ya adhabu uwe umeieleza serikali ukweli wote unaoujua kuhusu kosa lako. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilibana tafsiri ya kile kipengele cha rekodi, ikawatoa watu wengi waliodhani wanaingia.

Hilo sharti la kusema ukweli wote linawatesa watu wetu. Mtu yuko tayari kukiri lake, lakini ukweli wote una jina la binamu yake, la rafiki waliyekaa naye kambini Nyarugusu, la kijana wa jumuiya. Anaona bora afungwe kuliko kuitwa msaliti. Au anaamua kusema nusu, na nusu ya ukweli humfungia ile njia, tena inaweza kumletea kosa jipya la kuwadanganya maafisa. Siwezi kumwambia mtu achague nini. Ninachosema ni kwamba asichague usiku mmoja, peke yake, bila kujua miaka iliyolala upande huu na upande ule. Wala asikubali kukutana na wapelelezi bila wakili wake kukaa kando yake na bila barua inayosema maneno yake yatatumikaje.

Upande wa pili wa bei ni adhabu ya kukataa. Kama mshtakiwa alishawahi kupatikana na kosa zito la dawa au la vurugu, mwendesha mashtaka anaweza kuwasilisha taarifa ya kosa hilo la zamani, na ile miaka 10 ya lazima ikawa 15. Akiwa na makosa mawili ya namna hiyo, 25. Kabla ya mabadiliko ya 2018 ilikuwa 20 na maisha. Taarifa hiyo huwasilishwa kabla ya kesi kusikilizwa au kabla ya kukiri, na ni hiari ya mwendesha mashtaka. Mnaona inavyotumika: kiri kabla ya Ijumaa, siwasilishi, ukienda kwa juri, nawasilisha. Mwaka 2013 Jaji John Gleeson wa mahakama ya shirikisho huko Brooklyn aliandika uamuzi mrefu akilalamika kwamba nyongeza hizo zinatumika kuwashinikiza watu wakiri na kuwaadhibu wanaothubutu kudai haki yao. Mwaka huohuo Human Rights Watch walitoa hesabu za mwaka 2012: waliopatikana na hatia ya dawa baada ya usikilizwaji walipata wastani wa miaka 16, waliokiri, miaka 5 na miezi 4.

Mimi naona hilo ni dhuluma, na nalisema waziwazi. Mtu aliyefanya kosa lilelile hapaswi kufungwa mara tatu ya mwenzake kwa sababu aliomba serikali ithibitishe madai yake. Lakini Mahakama ya Juu iliruhusu shinikizo la namna hii tangu 1978, na kijana wako atahukumiwa kwa sheria iliyopo. Ndiyo maana sitawaambia msikiri kamwe. Kwa wengi, kukiri ndiko kutakakowarudisha nyumbani watoto wao wakiwa bado watoto. Ninachopigania ni mtu akiri akiwa anajua anachouza na anacholipwa.

Sasa tuingie chumba cha mahakama.

Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai za Shirikisho ndiyo inayoongoza. Jaji haruhusiwi kushiriki katika mazungumzo ya makubaliano ya kukiri. Huo ni mkataba wa pande mbili, mwendesha mashtaka na utetezi, na jaji huletewa ukiwa umeandikwa. Mkataba wenyewe huwa kurasa nyingi za Kiingereza kigumu. Kabla ya siku ya kikao, mshtakiwa ana haki ya kukaa na wakili na mkalimani wasomewe wote, kipengele kwa kipengele. Msikubali muhtasari wa dakika tano kwenye korido. Sheria ya wakalimani wa mahakama za shirikisho ya 1978 inampa mshtakiwa asiyejua Kiingereza mkalimani, na kwa mikutano na wakili anayelipwa na mahakama gharama haitoki mfukoni mwa mshtakiwa.

Nyongeza ndogo kuhusu sisi wakalimani. Cheti cha shirikisho kwa mtihani kinatolewa kwa Kihispania. Kiswahili hakina mtihani huo, kwa hiyo mahakama inapima yenyewe uwezo wa mtu. Inawezekana ukaletewa mkalimani aliyekulia Nairobi na wewe ni wa Fizi, mkawa mnakosana njiani. Sema. Inua mkono, mwambie jaji simwelewi mkalimani huyu. Hakuna mkalimani mwaminifu atakayekasirika. Na usimwombe mkalimani ushauri, haruhusiwi kukupa. Ukininong'oneza, dada nikubali au nikatae, nitalazimika kuyatafsiri maneno hayo kwa sauti.

Basi unaapishwa. Kuanzia hapo uongo wowote unaweza kushtakiwa. Jaji anakuuliza umri, umesoma hadi wapi, umekunywa dawa gani hivi karibuni, umewahi kutibiwa maradhi ya akili. Watu wetu hapo hudanganya kwa aibu, hasa hilo la akili. Mtu ametoka Kivu Kaskazini, ameona aliyoyaona, halali usiku bila kidonge, halafu anajibu hapana, sina shida yoyote, mheshimiwa. Maswali hayo yapo kwa ajili yako. Jaji anataka kujua kama kichwa chako kiko sawa kufanya uamuzi huu leo.

Kisha anakusomea haki unazoziacha: kukana shtaka, kusikilizwa na juri, kuwa na wakili kila hatua, kuwahoji mashahidi wa serikali, kuita mashahidi wako, kukaa kimya bila kimya hicho kuhesabiwa dhidi yako. Anakwambia kosa lina vipengele gani, adhabu ya juu, kiwango cha chini cha lazima, mali itakayotaifishwa, ile dola 100 inayolipwa kwa kila kosa kubwa. Anakuuliza kama kuna aliyekuahidi kitu nje ya mkataba. Mwisho unatakiwa kueleza ulifanya nini, au mwendesha mashtaka anayasoma maelezo na wewe unaulizwa kama ni kweli.

Shikeni hapo kwenye maelezo. Kiasi cha dawa utakachokubali mbele ya jaji ndicho kinachoweza kukuweka ndani ya kiwango cha lazima. Tangu uamuzi wa 2013 wa Mahakama ya Juu, jambo lolote linalopandisha kiwango cha chini ni lazima lithibitishwe mbele ya juri au likubaliwe na mshtakiwa mwenyewe. Kwa hiyo ukisema ndiyo kwa kilo 1 ya heroini wakati wewe ulijua gramu 200, umejitia mwenyewe kwenye miaka 10. Kama namba iliyosomwa siyo mliyoafikiana na wakili, nyamaza kwanza, geuka, zungumza naye. Jaji atasubiri. Nimeona majaji wakisubiri bila hata kuonyesha kuudhika.

Na ile hapana ya kuhusu ahadi. Wakili amesema ofisini, nadhani utapata miaka mitatu. Hiyo ni makadirio. Ukiulizwa kama kuna ahadi ukasema hakuna, halafu siku ya adhabu ukapata miaka saba, kulalamika kwamba uliahidiwa mitatu kutakuwa kazi ngumu mno. Mahakama huchukulia maneno ya kiapo yaliyotamkwa hadharani kuwa ya kweli, na uamuzi wa 1977 wa Mahakama ya Juu uliliweka hilo bayana. Mikataba mingi ni ya aina ambayo mwendesha mashtaka anapendekeza tu, na jaji hafungwi na pendekezo. Akipita juu yake, huwezi kurudisha kukiri kwako. Ipo aina nyingine, ambapo jaji akiukubali mkataba anafungwa na kile kiasi cha adhabu kilichoandikwa. Muulize wakili wako: wangu ni upi?

Jambo ambalo hushtua familia kuliko yote: mtu aliyekuwa nje kwa dhamana anaweza kubaki ndani siku hiyohiyo anapokiri. Kwa makosa ya dawa ambayo adhabu yake ya juu ni miaka 10 au zaidi, sheria inamtaka jaji amweke kizuizini hadi siku ya adhabu, isipokuwa kwa sababu chache za kipekee. Amekuja na gari lake, ameacha watoto kwa jirani, ameahidi kurudi kazini zamu ya jioni. Ulizeni hili mapema, ili gari, watoto na kodi ya nyumba viwe vimepangwa.

Naomba sasa tuzungumze uhamiaji, kwa sababu kwenye ukumbi huu wengi wetu hatujapata uraia.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyotoka hapahapa Kentucky. José Padilla alizaliwa Honduras, alikuwa mkazi halali wa nchi hii kwa zaidi ya miaka 40, na alitumikia jeshi la Marekani Vietnam. Alikamatwa na lori lenye bangi nyingi. Wakili wake alimwambia asijali mambo ya uhamiaji, ameshakaa sana nchini. Akakiri, na kukiri huko kukamweka kwenye njia ya kufukuzwa nchini. Kesi yake ilikuwa ya mahakama ya jimbo, lakini uamuzi unabana mawakili wote: wakili wa jinai lazima amwambie mteja asiye raia kama kukiri kutamhatarisha. Asipomwambia, ameshindwa kazi yake.

Halafu ikaja kesi ya Jae Lee wa Memphis, ya dawa za kulevya, ya shirikisho kabisa. Aliletwa na wazazi wake kutoka Korea Kusini akiwa na miaka 13, akafungua migahawa. Alishtakiwa kwa kuwa na vidonge vya ekstasi kwa nia ya kuviuza. Ushahidi ulikuwa mzito. Alimuuliza wakili wake tena na tena kama atafukuzwa, akaambiwa hapana. Mwaka 2009 alisimama mbele ya jaji kama nilivyowaeleza. Jaji akamwambia kukiri kunaweza kuleta kufukuzwa nchini. Je, hilo linagusa uamuzi wako? Lee akajibu ndiyo. Linaugusaje? Akasema sielewi, akamgeukia wakili wake. Wakili akamwambia hilo ni onyo la kawaida tu. Akaendelea, akakiri, akapata mwaka mmoja na siku moja, kisha akagundua kwamba kufukuzwa kwake ni lazima.

Alipigana mpaka Juni 2017, na Mahakama ya Juu ikampa haki ya kufuta kukiri kwake. Jaji Mkuu John Roberts alieleza kwamba mahakama haziwezi kumwamini mtu kwa maneno yake tu ya baada ya tukio kwamba asingekiri. Zinatazama ushahidi wa wakati uleule. Na ushahidi wa wakati uleule ulikuwepo: maneno yake mbele ya jaji, yameandikwa na karani. Sielewi yake ilikaa kwenye kumbukumbu miaka minane ikamsubiri. Kama angejibu kwa adabu, ndiyo nimeelewa mheshimiwa, mahakama ingekuwa na nini cha kushika?

Sheria ya uhamiaji kuhusu dawa ni kali kuliko tunavyodhani. Asiye raia akipatikana na kosa lolote la dawa zilizopigwa marufuku na serikali kuu anaweza kufukuzwa. Msamaha ni mmoja tu, kukutwa mara moja na bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi yako mwenyewe. Kuuza au kusambaza ni kosa la daraja baya zaidi, hata kama jela ulipata siku chache. Bangi imeruhusiwa na majimbo mengi, lakini kwa serikali kuu bado ni kosa. Na miraa, au mirungi kama tunavyoiita wengine, yule anayeitafuna Meru au Mombasa bila kificho akitumiwa furushi hapa, ametumiwa kathinoni, kemikali iliyo kwenye orodha ya kwanza tangu 1993, orodha moja na heroini. Adhabu ya juu ya kuisambaza ni miaka 20. Kijana anayemwagizia baba yake mkwe majani ya kutafuna harusini hajui kama anacheza na kadi yake ya kijani, kile kibali cha ukazi. Tafadhalini, ushauri wa uhamiaji utoke kwa wakili wa uhamiaji anayezungumza na wakili wa jinai kabla ya mkataba kusainiwa, usitoke kwa mtu wa kujaza fomu.

Tena, kwa sisi tuliozoea mahakama za nyumbani, kukiri kuna sura nyingine. Kule unasomewa shtaka, unakiri, unapigwa faini, jioni uko kwako. Makubaliano ya kukiri yameingia kwenye sheria ya Kenya tangu 2008 na ya Tanzania 2019, na Tanzania ilizitoa nje kesi kubwa za dawa. Huku kesi kubwa za dawa ndizo hasa zinazomalizwa kwa makubaliano, na kati ya siku ya kukiri na siku ya adhabu hupita miezi.

Mliofuatilia habari za Mombasa mnakumbuka ndugu wa Akasha. Baktash na Ibrahim walikamatwa Novemba 2014, wakapelekwa New York Januari 2017, na Oktoba 2018 wakakiri makosa sita, yakiwemo ya kuingiza heroini na methamfetamini na ya kuwahonga maafisa wa Kenya ili kukwamisha kesi. Ibrahim alisubiri adhabu zaidi ya mwaka mmoja. Baktash alipata miaka 25 Agosti 2019, Ibrahim 23 Januari 2020. Walikuwa wakubwa, sisemi tuwalilie. Nawataja ili mwone kwamba kukiri hakuandiki namba. Namba inaandikwa katika ile miezi ya kusubiri, na familia nyingi huipoteza miezi hiyo zikidhani kesi imekwisha.

Katika miezi hiyo afisa wa mahakama anaandaa ripoti ya kabla ya adhabu. Anamhoji mshtakiwa kuhusu maisha yake yote, anapiga simu kwa familia, anakusanya rekodi za makosa na kiasi cha dawa. Ripoti inaweza kuhesabu hata dawa ambazo hazikuwa kwenye shtaka ulilokiri, kama ni za mpango uleule. Pointi zinajumlishwa na kupunguzwa kwenye jedwali la Tume ya Adhabu, chombo cha serikali kuu kinachotoa mwongozo wa adhabu; pointi zikizidi, miaka nayo inazidi. Kukiri kwa uaminifu humpunguzia mtu pointi mbili, na ya tatu serikali ikiomba. Tangu 2005 jedwali hilo ni la ushauri, lakini majaji wengi bado wanaanzia hapo. Rasimu ya ripoti inatakiwa kutolewa angalau siku 35 kabla ya adhabu, na mshtakiwa ana siku 14 kuipinga. Isomwe yote kwa Kiswahili. Nimewahi kusikia tarehe ya kuzaliwa ya kambini, ile ya Januari 1 waliyopewa watu wote, ikageuka kuwa hoja kwamba mtu amedanganya umri. Kosa la ripoti lisiporekebishwa humfuata mtu hadi gerezani, kwa sababu gereza nalo linaitumia kumpangia.

Hapa ndipo familia ina kazi. Afisa akipiga simu, pokeeni. Semeni kweli kuhusu vita, kambi, wazazi waliokufa, watoto anaowalea, ulevi aliojaribu kuuacha. Barua za mchungaji, sheikh na mwajiri zipitie kwa wakili; msimtumie jaji moja kwa moja. Wala msiandike kwamba hana hatia wakati yeye mwenyewe amekiri. Barua kama hiyo humwangusha, maana jaji ataona hajakubali kosa. Na wakili aliyewekwa na mahakama msimwogope kwa kuwa analipwa na serikali. Wengi wao wanazijua kesi hizi kuliko wakili wa kulipwa aliyezoea ajali za magari. Mpeni ukweli na mumdai majibu.

Miaka ikishatolewa, msihesabu ya nyumbani. Parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, iliondolewa kwa makosa ya kuanzia Novemba 1987. Mwenye tabia njema hupunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo. Ipo hesabu nyingine ya kupunguziwa kwa kuhudhuria mafunzo, lakini aliye na amri ya mwisho ya kufukuzwa nchini haruhusiwi kuitumia.

Na rufaa. Taarifa ya kukata rufaa inatakiwa iwasilishwe ndani ya siku 14 tangu hukumu iingizwe kwenye daftari, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa. Hata kama mkataba ulisema haki ya rufaa imeachwa, mshtakiwa akimwambia wakili wake waziwazi awasilishe taarifa hiyo, wakili anatakiwa kuiwasilisha. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2019. Amwambie siku hiyohiyo, kabla hajatolewa chumbani, na ninyi mlio nje mwandikieni wakili barua yenye tarehe, mbaki na nakala.